Bega limekataa kupona tangu udungwe chanjo? Hivi ndivyo unadai fidia ukiwa Nakuru, Kisumu ama Western

Hebu nianze na hii ndio tusipotezeane wakati. Ukitafuta kwa simu mambo ya bega kuuma baada ya chanjo na fidia, stori utaletewa karibu zote ni za Marekani, mtu amelipwa dola kibao na hata hakuonekana kortini, na sasa watu wanaingia kwa ofisi za mawakili hapa Nakuru wakiuliza fomu ya kudai hiyo fidia inachukuliwa wapi. Kenya hakuna hiyo fomu. Kudai unaweza, lakini huku kwetu lazima uonyeshe kwamba aliyekudunga alikosea, na kesi nyingi zinakufa juu ya karatasi kukosa na miezi kupita. Mimi ni karani kwa wakili, kwa hivyo naandika vile mambo yanaendaga, si vile yanatakiwa kuenda.

Ya Marekani tuimalize kwanza. Wao walipitisha sheria 1986, na kuanzia 1988 kukawa na mfuko wa kulipa watu walioumizwa na chanjo, pesa yake inatokana na ushuru wa senti 75 kwa kila ugonjwa ambao chanjo inazuia. Jeraha la bega, wanaliita SIRVA, liliingizwa kwa orodha ya mfuko huo 2017. Kama maumivu yalianza ndani ya saa 48, bega lilikuwa zima kabla, shida iko kwa bega lile lile lililodungwa na hakuna ugonjwa mwingine wa kuieleza, huulizwi nesi alikosea ama hakukosea. Lazima tu madhara yawe yameendelea zaidi ya miezi 6, ama yamekulaza hospitali ukafanyiwa upasuaji. Dai linapelekwa ndani ya miaka 3 tangu dalili ya kwanza, fidia ya maumivu haipiti dola 250,000, na wakili analipwa na mfuko wenyewe. Chanjo ya Covid iko kwa mpango mwingine mgumu zaidi, huo unakupa mwaka 1 tu tangu siku ya kudungwa. Sasa kama binti yako ni kegiva huko Texas na alilazimishwa na kazi adungwe ya flu, hiyo ndiyo njia yake na atafute wakili wa huko mapema. Lakini wewe uliyedungwa Bondeni ama Kondele, hiyo pesa haikuhusu hata kidogo. Kulikuwa pia na mpango wa fidia wa COVAX, ule mradi wa kimataifa ulioleta chanjo za Covid kwa nchi kama yetu, lakini ulitengenezewa ulemavu wa kudumu na vifo, bega linalouma tu halifiki hapo.

Hatua ya kwanza: jua kama ni jeraha ama ni uchungu wa kawaida

Mkono kuuma siku mbili tatu baada ya sindano ni kawaida, hata kuvimba kidogo. Hiyo haina kesi. Tunayoongelea hapa ni ile bega linaanza kuuma siku hiyo hiyo ama kesho yake, wiki zinaisha, huwezi kuinua mkono kuchana nywele, huwezi kufunga sidiria nyuma, huwezi kulalia huo upande.

Inatokea hivi. Sindano ya mkono inafaa kuingia kwa msuli wa bega, vidole viwili hadi vitatu chini ya ule mfupa wa ncha ya bega. Ikiingia juu sana inaweza kupita msuli na kumwaga dawa kwa kile kifuko cha majimaji kinacholainisha jointi, ama karibu na kano, na mwili unawasha moto hapo ndani. Mara nyingi ni kwa sababu ya nguo, mtu hakutoa shati, alivuta kola chini tu pakaonekana juu ya bega, ama nesi alidunga akiwa amesimama na wewe umekaa na laini ni refu. Kwa hivyo kumbuka vizuri: ulikuwa umevaa nini, mlikaa aje, sindano iliingia wapi. Kama alama bado iko piga picha sasa hivi, na ukiweza weka kidole kwa ile ncha ya mfupa kwenye hiyo picha ndio umbali uonekane.

Na tafadhali usitoke hapa ukiambia watu chanjo ni mbaya. Shida ni mahali sindano iliingia. Mtoto wako mpeleke kliniki kama kawaida, na wale wadogo sindano nyingi hudungwa pajani, si begani.

Hatua ya pili: enda hospitali, na useme neno chanjo

Hii watu wanaiharibu sana. Mtu anaenda kwa kemisti ananunua diklofenaki, anapaka dawa ya kuchua, anaombewa, miezi mitano ikipita ndio anaona daktari, na anamwambia tu "bega linauma". Daktari anaandika maumivu ya bega, basi. Ukifika kortini wakili wa upande ule atasoma hiyo rekodi na kuuliza chanjo imeandikwa wapi, na haijaandikwa popote.

Kwa hivyo enda mapema, na useme wazi: "Daktari, nilidungwa chanjo tarehe fulani kwa mkono huu, maumivu yakaanza jioni hiyo hiyo, kabla ya hapo bega halikuwahi kuniuma." Alafu kabla hujatoka soma kilichoandikwa. Kama hakuandika mwombe kwa heshima aongeze. Eksirei pekee haitaonyesha mengi juu hii si shida ya mfupa kuvunjika, ultrasaundi inaonyesha zaidi na MRI ndiyo inaonyesha vizuri ila bei yake unaijua. Ukiwa Kisumu kliniki ya mifupa iko pale Jaramogi, ile wazee bado wanaita Russia, Nakuru ni pale hospitali ya rufaa ambayo mpaka leo tunaita PGH, wa Kakamega wako na yao na wa kule juu wanaenda MTRH, hospitali ya rufaa ya Moi pale Eldoret. Fanya fizio vile umeambiwa, usikatize. Kwanza ni kwa afya yako, bega likiganda linaweza kukaa hivyo mwaka na zaidi, na pili korti haipendi mtu aliyekataa matibabu alafu anadai hakupona.

Hatua ya tatu: ripoti iandikwe

Madhara baada ya chanjo yana fomu yake, inaitwa ya AEFI, na kituo chochote kinachodunga chanjo kinafaa kuwa nayo. Rudi ulipodungwa, uliza inchaji, omba ijazwe na uombe kopi. Najua kurudi pale pale ni ngumu, utaona ni kama umeenda kushtaki watu, lakini ukiingia na adabu mara nyingi mambo yanaenda: "Sista, habari ya kazi. Nilidungwa hapa, bega limekataa kupona, naomba tujaze ile fomu ya madhara ya chanjo." Wakikuzungusha, wewe mwenyewe unaweza kuripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu kupitia mfumo wao wa PvERS kwa intaneti ama kwa simu ukipiga *271#. Screenshot kila kitu.

Kuna faida moja watu hawaijui. Madhara haya yakichunguzwa huwekwa kwa mafungu, kuna yanayotokana na chanjo yenyewe, kuna yanayotokana na makosa ya kudunga, kuna ya woga na kuna ya sadfa tu. Bega lako likiwekwa kwa fungu la makosa ya kudunga, hapo umepata karatasi ya serikali inayosema kitu ambacho ungelipa mtaalamu akuje kusema.

Hatua ya nne: kusanya karatasi

Hapa ndipo nitakaa kidogo.

Kadi ya chanjo ndiyo ya kwanza. Mama mjamzito aliyedungwa ya pepopunda ako na kile kitabu cha mama na mtoto, msafiri ako na kadi ya manjano, wa hepataitisi B ako na kadi ndogo. Inafaa kuonyesha tarehe, aina ya chanjo na namba ya bechi. Kama mkono haujaandikwa, wa kushoto ama wa kulia, omba kopi ya rejista ya siku hiyo.

Rekodi zako ni haki yako. Katiba kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa wa umma siku 21 kujibu, na ile ya Kulinda Data ya 2019 inakuruhusu kuona data yako hata kwa hospitali ya kibinafsi. Andika barua, peleka nakala mbili, moja wapige stempu ya kupokea na tarehe ubaki nayo. Barua bila stempu ni kama hukuandika. Wakinyamaza, hospitali ya umma unaishtaki kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman, wako na ofisi Kisumu.

Risiti. Korti zetu zinasema gharama ulizotumia lazima zitajwe moja moja kwenye madai na zithibitishwe, hakuna kukisia. Elfu 2 ya fizio bila risiti ni elfu 2 imeenda. Boda hawana risiti, kwa hivyo walipe kwa M-Pesa, alafu uitishe stetimenti kupitia *334#, usitegemee meseji juu simu ikipotea zimeenda. Kama umeandika mtu wa kukubebea mizigo kwa stoo yako pale Kibuye, ama kijana wa kukuendeshea boda yako, mlipe kwa simu pia. Stetimenti za till za kabla na baada zinaonyesha biashara ilishuka kiasi gani, na mwalimu anayeandika ubaoni kwa mkono ulioumia atafute barua ya mkuu wa shule.

Picha na video za mkono ukikataa kupanda ni ushahidi mzuri, lakini ushahidi wa elektroniki unatakiwa uambatane na cheti cha kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachosema picha ilipigwa na simu gani na kuprintiwa wapi. Wakili anakuandikia, wewe usifute tu picha asili na usiuze hiyo simu.

Na P3 achana nayo, hiyo ni ya polisi na kesi za jinai. Unashangaa vile watu wanapoteza wiki nzima kituoni wakiitafuta.

Hatua ya tano: ripoti ya daktari ya korti

Hii ni tofauti na karatasi za matibabu. Unataka daktari wa mifupa akupime alafu aandike mambo manne: ulikuwa mzima, maumivu yalianza lini, kwa maoni yake yamesababishwa na sindano kuingia mahali si pake, na umebaki na hasara kiasi gani kwa huo mkono. La tatu ndilo roho ya kesi. Korti haitaki uhakika wa asilimia 100, inataka ionekane inaelekea zaidi kuwa hivyo kuliko kutokuwa hivyo. Lakini daktari akiandika "huenda", jua umebaki na shida. Kama uliwahi kuumia hilo bega kwa mpira ama ajali mwambie, ukificha itapatikana kwa faili nyingine na kesi itaanguka yote.

Hatua ya sita: hesabu miezi, na ujue unamshtaki nani

Afya iligatuliwa. Dispensari, kituo cha afya na hospitali ya kaunti ni za kaunti, kwa hivyo unashtaki serikali ya kaunti kama mwajiri wa nesi, wala si nesi peke yake maskini wa Mungu. Kliniki ya kibinafsi unaishtaki yenyewe pamoja na aliyekudunga.

Sasa sikiza. Kesi ya uzembe dhidi ya mtu binafsi ama kampuni una miaka 3. Kesi ya uzembe dhidi ya serikali ni miezi 12 pekee, iko kwa sheria inayoitwa Cap 39, na mawakili wa kaunti wanaijua kama jina lao. Mtu anasikia miaka 3 kwa redio, anatulia, anakuja mwezi wa kumi na nne akiwa na karatasi nzuri kabisa na mlango umefungwa. Wewe ukidungwa kwa kituo cha umma hesabu miezi 12 tangu siku ya sindano, na ukifika wa sita kama hujaona wakili anza kuogopa. Kuna njia ya kuomba korti ikuruhusu kwa kuchelewa kama kuna mambo muhimu hukuyajua, lakini kusema hukujua sheria hakusaidii.

Tena sheria ilikuwa inataka notisi ya siku 30 kabla ya kushtaki serikali. Mahakama Kuu ilisema 2012 kwamba sharti hilo linavunja Katiba, lakini barua ni bei rahisi, tuma tu na mapema.

Kama ni kazi ndiyo ilikudungisha

Mfanyakazi wa hospitali aliyeambiwa lazima adungwe hepataitisi B, ama wa shamba la maua Naivasha aliyedungwa kwa kliniki ya kampuni, aangalie pia njia ya WIBA, sheria ya 2007 ya fidia kwa walioumia kazini. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuonyesha uzembe, inatosha jeraha limetokana na kazi na likatokea ukiwa kazini. Ripoti kwa mwajiri kwa maandishi, yeye anatakiwa kumjulisha mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku 7, fomu inajazwa na sehemu moja inajazwa na daktari. Ulemavu wa kudumu unapigwa kwa asilimia ya mishahara ya miezi 96. Huku pia kuna miezi 12. Mwajiri anaweza kubisha kwamba chanjo si ajali ya kazi, ndio maana ile barua ama meseji ya kukuamuru udungwe ni dhahabu, usifute.

Hatua ya saba: wakili

Tafuta jina lake kwa mtandao wa Chama cha Mawakili uone kama ana leseni ya mwaka huu. Muulize kama amewahi kufanya kesi ya uzembe wa hospitali, juu wengi hapa Nakuru na Kisumu wamezoea za matatu na hizo ni vitu tofauti sana. Wale mabroka wanazunguka wodi wakikuambia "tutagawana asilimia 30", sheria ya mawakili hairuhusu makubaliano ya kugawana ushindi hivyo, na ukisaini ujue mtu kama huyo atakuwa na mengine. Mkubaliane ada kwa maandishi, pamoja na nani analipa daktari wa kuja kutoa ushahidi, hiyo ndiyo inakuaga ghali. Huna pesa? Kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, chini ya sheria ya 2016.

Unaweza pia kulalamika kwa Baraza la Wauguzi, ama KMPDC, lile baraza la madaktari, kama ni daktari ama hospitali yenyewe. Kazi yao ni nidhamu, usiende ukitarajia cheki, lakini wakiita hospitali ijibu kwa maandishi, hayo majibu unaweza kuyatumia. Ila usingoje wamalize ndio ufungue kesi, miezi inaendelea kukimbia.

Hatua ya nane: barua ya madai, kisha korti

Demand inaenda kwanza. Iseme ulidungwa lini na wapi, kosa ni lipi, umeumia aje, unataka nini na kwa siku ngapi. Kliniki za kibinafsi saa zingine hapa ndipo zinaongea, hasa kama ziko na bima, na kama ofa inafunika gharama zako na kitu kidogo cha maumivu mimi ningekuambia ufikirie kabla ya kuikataa. Usisaini tu karatasi inayosema umemaliza madai yote kama bado unaendelea na fizio na hujui bega litafika wapi.

Wakikataa, kama dai halipiti milioni 1 kuna Korti ya Madai Madogo, inashughulikia majeraha ya mwili pia, inatakiwa kumaliza kwa siku 60 na unaweza kujisimamia. Inavutia, lakini siku 60 na daktari wa kubishaniwa haviendani sana, kwa hivyo naiona ni ya wale ambao upande ule umekubali kosa na mnabishana pesa tu. Nyingine zinaenda kwa hakimu, na hakimu mkuu anaenda mpaka milioni 20 kwa hivyo usidanganywe lazima uende Mahakama Kuu. Kufungua ni kwa mtandao wa mahakama, na siku ya kufungua unaweka madai, hati ya kiapo, orodha ya mashahidi, maelezo yao, na nakala za karatasi zote, pamoja na ile demand. Ndio maana nilisema karatasi kwanza. Faili inaweza kutumwa kwa upatanishi wa korti, enda na roho safi, hapo kesi nyingi zinaisha bila mtu kuulizwa maswali makali kizimbani.

Ikienda mpaka mwisho utathibitisha vitu vinne: walikuwa na jukumu kwako, walidunga tofauti na vile nesi wa kawaida mwenye ujuzi angedunga, hiyo ndiyo ilikuumiza, na hasara ni hii.

Kulipwa

Kliniki ya kibinafsi ikikataa kulipa unaweza kutuma wakala wa mnada. Kaunti huwezi, mali ya serikali haipigwi mnada kwa deni la kesi, kwa hivyo usimsikize mtu anayekuambia mtaenda kuchukua Land Cruiser ya gavana. Wakili anachukua cheti cha amri kutoka kortini, anakipeleka kwa kaunti, wakinyamaza anaenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha afisa wa fedha alipe, na akidharau hiyo anaitwa yeye mwenyewe kwa jina lake aeleze kwa nini asifungwe. Hapo ndipo cheki huanza kuandikwa. Inachukua muda na riba inaendelea kupanda, kwa hivyo mwambie wakili kila mara akupe hesabu mpya, na pesa ikiingia akuonyeshe barua ya malipo kutoka kaunti kabla hajakutolea ada yake.